Taa za Tarakilishi na Mwenye Kuziamrisha: Programu Huria na Maunzi ya Kujiundia

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza namna taa za rangi zinazopamba tarakilishi za siku hizi zinavyoamrishwa, na hasa namna programu huria na vifaa vya kujiundia vinavyomwezesha mwenye tarakilishi kuziamrisha mwenyewe. Huenda msomaji akauliza jambo la kifundi namna hii linatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika kisa kilichotukuta afisini mwetu, nami nitakisimulia kwa muhtasari kabla ya kuingia katika kiini cha mada.

Chama kilihitaji tarakilishi ya kupangia kurasa za jarida. Fedha zilikuwa haba, tukanunua ya mitumba, iliyokuwa imeundwa kwa ajili ya mcheza michezo ya video. Nguvu zake zilizidi matarajio yetu. Ila ilikuwa na taa: kwenye feni, kwenye vijiti vya kumbukumbu, kwenye kibodi, zote zikizungusha rangi za upinde wa mvua usiku na mchana, hata mhariri akalalamika kwamba hawezi tena kukadiria weupe wa karatasi. Tukaitafuta programu ya mtengenezaji ili tuzizime. Programu hiyo ikatutaka tufungue akaunti, ikatulazimu kupakua mamia ya megabaiti kwa bando tulizonunua wenyewe, na hatimaye ikatangaza kwamba kifaa cha aina ile hakihudumiwi tena. Taa zikaendelea na ngoma yake.

Miongoni mwetu yumo mwenzetu kiziwi, msomaji wa prufu hodari kuliko sisi sote. Tarakilishi imezoea kuzungumza na watu kwa sauti: barua pepe ikiingia hulia, kazi ya kuchapisha ikikwama hulia, betri ya akiba ikikaribia kwisha umeme unapopotea hulia. Sauti zote hizo kwake ni kazi bure. Aidha, mlango wa afisi ukibishwa naye yuko peke yake, aliye nje husimama hata akachoka. Ni yeye aliyeuliza, kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, swali lililozaa makala haya: ikiwa mashine hii ina taa zote hizi, mbona haziniambii kitu?

Rangi zinavyozaliwa

Kila kitaa kimoja katika mapambo hayo kwa hakika ni vitaa vitatu vilivyobanana katika kijumba kimoja: chekundu, cha kijani na cha buluu. Vitaa hivi ni diodi zitoazo mwanga. Diodi nyekundu ya mwanga unaoonekana kwa macho ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka wa 1962. Ile ya buluu iliwahangaisha wanasayansi kwa miongo mitatu zaidi, hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipofanikiwa kuipata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. Bila buluu hiyo pasingekuwa na rangi za kuchanganya, wala balbu nyeupe za diodi zinazotumiwa majumbani leo.

Aliyezoea kuchanganya rangi za maji darasani atapotoshwa na mazoea yake hapa. Rangi za kupaka huchanganywa zikaelekea weusi. Mwanga huchanganywa ukaelekea weupe. Nyekundu na kijani za mwanga zikikutana hutoa manjano, jambo ambalo hakuna mchoraji wa brashi atakayekubali mpaka alione. Zote tatu zikiwaka kwa ukamilifu hutoa nyeupe.

Kiwango cha kila moja ya rangi hizo huandikwa kwa nambari kuanzia 0 hadi 255, yaani baiti moja. Kwa kuwa kila rangi ina viwango 256, mchanganyiko wote hufikia 16,777,216. (Nawaachia wanaleksikografia kazi ya kuzipa rangi hizo majina. Sisi bado tunazozana kama buluu na samawati ni kitu kimoja, ilhali manjano tumeitoa kwenye kiungo, zambarau kwenye tunda, na kahawia kwenye buni.) Mafundi hufupisha nambari hizo tatu kwa tarakimu sita za mfumo wa kumi na sita: FF0000 ni nyekundu kamili, 00FF00 ni kijani, 0000FF ni buluu.

Jambo moja zaidi lafaa kukumbukwa. Diodi haipunguziwi umeme ili ififie. Huwashwa na kuzimwa mamia ya mara kwa sekunde au zaidi, na jicho likahesabu wastani. Kinachoonekana kuwa mwanga hafifu ni mwanga mkali unaowaka kwa muda mfupi.

Lugha nyingi ndani ya kasha moja

Taa zilizomo ndani ya tarakilishi moja haziamrishwi kwa njia moja. Kibodi na kipanya hupokea amri kupitia waya wa USB. Vijiti vya kumbukumbu hupokea kupitia njia nyembamba ya mawasiliano iliyomo kwenye ubao mama, iitwayo SMBus, ambayo vipimajoto na vifaa vingine vidogo huishiriki. Ukanda wa taa na feni huchomekwa kwenye soketi za ubao mama, nazo ni za aina mbili zinazofaa kutofautishwa kwa makini: ya pini nne na volti 12, ambayo huwasha ukanda mzima kwa rangi moja, na ya pini tatu na volti 5, ambayo huziamrisha taa moja moja. Anayechomeka ukanda wa volti 5 kwenye soketi ya volti 12 huuchoma pale pale, wala hakuna programu itakayoufufua.

Kila kampuni ilijitungia itifaki yake, yaani mpangilio wa baiti ambao kifaa hukitambua kuwa amri, ikaufanya siri na kuuficha ndani ya programu yake. Matokeo yake ni kwamba mwenye tarakilishi iliyounganishwa kwa vipande vya kampuni nne hulazimika kuendesha programu nne kubwa kwa ajili ya kuwasha taa za rangi moja. Anayetumia Linux, mara nyingi hana hata moja. Mwaka wa 2023 Microsoft ilitia katika Windows 11 njia ya pamoja ya kuamrisha taa, lakini njia hiyo huhudumia vifaa vilivyoundwa kwa kufuata kiwango chake tu. Vifaa vya zamani kama vyetu havimo.

Suala hili si la urembo pekee. Ili kufikia njia kama SMBus, programu huhitaji kiendeshi chenye ruhusa ya kugusa viungo vya ndani kabisa vya mashine. Mwaka wa 2018 watafiti wa kampuni ya SecureAuth walitangaza kasoro katika viendeshi vilivyoambatana na programu za Asus na Gigabyte, kasoro ambazo zingemwezesha mtumiaji asiye na mamlaka kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Programu ya mapambo ikawa mlango wa mwizi. Insafu yanidai niongeze kwamba walimwengu wa programu huria nao hawakusalimika: kiendeshi WinRing0, ambacho programu nyingi huria za Windows zilikitegemea, kilianza kuzuiliwa na kinga ya Windows mnamo Machi 2025 kwa sababu ya kasoro ya jinsi iyo hiyo, na waundaji wakalazimika kutafuta kingine.

Kufumua ili kujua kilivyoshonwa

Sasa tumefika mahali ambapo mwanaisimu atajiona yuko nyumbani. Itifaki ikiwa siri, mtu wa nje huijuaje? Huijua kama mtafiti wa nyanjani anavyoijua lugha isiyo na sarufi iliyoandikwa: kwa kusikiliza, kunakili na kulinganisha.

Mtafiti huisakinisha programu ya mtengenezaji kwenye tarakilishi, kisha huweka kando yake programu ya kunasa mawasiliano; Wireshark ndiyo itumiwayo zaidi. Huiambia programu ya mtengenezaji iiwashe kibodi kwa rangi nyekundu, akainasa pakiti iliyopita kwenye waya. Kisha kijani, akanasa. Kisha buluu. Huziweka pakiti hizo sambamba na kutazama ni baiti zipi zilizobadilika na zipi zilizotulia. Msomaji atakuwa ameng'amua: hizi ni jozi za mlinganuo finyu. Kama vile /p/ na /b/ zinavyothibitishwa kuwa fonimu mbili kwa kulinganisha pata na bata, ndivyo baiti ya nyekundu inavyothibitishwa kwa kulinganisha amri mbili zinazotofautiana hapo tu.

Waama, mfanano hauishii hapo. Mara nyingi baiti ya mwisho hubadilika kila mara, hata mtafiti anapobadilisha jambo dogo sana. Wanaoanza huchanganyikiwa nayo. Kumbe ni hesabu ya uhakiki: zao la baiti nyingine zote, ambalo kifaa hulitumia kuhakikisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Baiti hiyo haina maana yake yenyewe. Hubadilika kwa sababu nyingine zimebadilika, sawa na kiambishi cha upatanisho kinavyobadilika kwa kufuata ngeli ya nomino. Ukikosea upatanisho, Mswahili atakuelewa na kucheka. Kifaa hakicheki, hunyamaza tu.

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa OpenRGB, programu iliyoanzishwa na Adam Honse. Hapo mwanzo iliitwa OpenAuraSDK, kwa kuwa ilishughulikia vifaa vya Asus peke yake. Ilipoanza kuvijumuisha vya kampuni nyingine, jina nalo likapanuka. Toleo la kwanza la OpenRGB lilitoka mwaka wa 2020. Inaendeshwa kwenye Windows na Linux, nayo imetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2. Katika dirisha moja mtumiaji huona ubao mama, kumbukumbu, kadi ya michoro, kibodi na feni zake, ziwe za kampuni gani. Hakuna akaunti inayofunguliwa.

Haiko peke yake. OpenRazer hushughulikia vifaa vya Razer kwenye Linux, ckb-next hushughulikia vya Corsair, liquidctl huhudumia vipozeo na feni, nayo QMK ni programu ya ndani ya kibodi yenyewe, kwa wale wanaojiundia kibodi zao. Linux nayo, kuanzia toleo la 5.9 la mwaka wa 2020, ina utaratibu wake wa kuzitambua taa za rangi nyingi katika kitovu cha mfumo.

Wanakiswahili si wageni wa programu huria. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, programu ya afisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na kazi ile isingewezekana iwapo msimbo wake ungekuwa chini ya kufuli. Msingi wa uhuria huo uliwekwa na Richard Stallman aliyetangaza mradi wa GNU mwaka wa 1983: uhuru wa kuitumia programu kwa lolote, kuichunguza na kuibadilisha, kusambaza nakala zake, na kusambaza nakala ulizozibadilisha. Leseni ya GPL toleo la 2 ni ya mwaka wa 1991. Kwa mujibu wake, atakayeisambaza OpenRGB aliyoibadilisha sharti atoe na msimbo wake. Hakuna awezaye kuifunga tena.

OpenRGB ina sifa moja ambayo kwetu ilikuwa na thamani kuliko rangi zote milioni kumi na sita. Huweza kuamrishwa na programu nyingine. Njia ya kwanza ni mstari wa amri: sentensi fupi yenye nambari ya kifaa, jina la mtindo na tarakimu sita za rangi. Njia ya pili ni seva yake, inayosikiliza kwenye mtandao kupitia lango nambari 6742. Nambari hiyo haikuokotwa jalalani. Tazama vibonye vya simu: 6 ina O, 7 ina R, 4 ina G, 2 ina B.

Tahadhari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini atazame anapoegemea. Njia ya SMBus hupita pia kwenye kumbukumbu ndogo ya kudumu iliyomo katika kila kijiti, ambamo mtengenezaji ameandika ukubwa na kasi ya kijiti hicho ili ubao mama uisome unapowaka. Anayeandika baiti za rangi kwenye anwani isiyo yake anaweza kuyafuta maelezo hayo, na mashine ikakataa kuwaka. Si hofu tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu ya Linux ya kutafuta vipimajoto iliharibu kumbukumbu za namna hiyo katika baadhi ya vipakatalishi vya ThinkPad, kwa kuuliza swali ambalo chipu ile ililielewa vibaya. OpenRGB nayo imewahi kuziua taa za baadhi ya mbao mama, na waundaji wake wakaondoa huduma kwa mbao hizo hadi zilipochunguzwa upya. Wao wenyewe hutahadharisha. Kwa hivyo, kifaa ambacho hakijathibitishwa kisijaribiwe katika mashine ya pekee ya chama, seuze wiki ya kupeleka jarida kwa mpiga chapa.

Upande wa sheria, Umoja wa Ulaya uliruhusu tangu agizo lake la mwaka wa 1991, lililoandikwa upya mwaka wa 2009, kuifumua programu kwa kiasi kinachohitajika ili vifaa na programu viweze kuelewana. Kunakili msimbo wa mwenyewe na kuuza ni jambo jingine kabisa.

Kifaa cha kujiundia

OpenRGB iliitambua feni na kumbukumbu za tarakilishi yetu. Kibodi haikuitambua, na ndiyo iliyokuwa mbele ya macho ya mwenzetu. Kwa hivyo tuliamua kuunda taa yetu wenyewe ya kubandika kwenye ukingo wa kiwambo.

Viungo vyake ni vichache. Cha kwanza ni ukanda wa taa za aina ya WS2812B, zilizobuniwa na kampuni ya WorldSemi ya Uchina. Tulitumia taa 30. Ndani ya kila taa mna kichakataji kidogo mno. Amri huingia kwenye taa ya kwanza kupitia waya mmoja. Taa hiyo hujichukulia biti 24 za mwanzo na kuzipitisha zilizosalia kwa ya pili, nayo hufanya vivyo hivyo hadi mwisho wa ukanda. Ni kama sinia ya chakula inayopitishwa mkekani, kila mtu akichukua fungu lake na kusukuma mbele. Kila biti huchukua mikrosekunde 1.25, kwa hiyo taa 30 hupata habari zake zote katika mikrosekunde 900, chini ya milisekunde moja.

Cha pili ni ubao wa Arduino, uliozaliwa mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, mikononi mwa Massimo Banzi na wenzake waliotaka chombo rahisi cha kufundishia wanafunzi wasio wahandisi. Michoro yake hutolewa wazi, ndiyo maana nakala zake za bei nafuu zimejaa kila mahali na ni halali. Ubao wa Uno una baiti 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kila taa hula baiti tatu. Mtu asijidanganye kwamba ataongoza taa elfu moja kwa ubao huo.

Umeme ndio unaowashinda wengi. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili huweza kunywa miliampea 60. Taa 30 zitanywa ampea 1.8, ilhali mlango wa USB 2.0 huahidi nusu ampea tu. Kuna njia mbili: kuleta umeme wa volti 5 kutoka chanzo cha kando, au kuuwekea mwangaza kikomo katika msimbo. Sisi tulichagua ya pili, tukaufunga mwangaza kwenye robo, na usiku hata robo hiyo yaumiza macho. Atakayechagua chanzo cha kando asisahau kuunganisha waya hasi wa chanzo hicho na waya hasi wa Arduino. Bila hivyo amri hazina kitu cha kupimiwa na taa zitawaka kiwendawazimu. Ni busara pia kutia kikinzani cha omu 330 hadi 470 kwenye waya wa amri, na kapasita ya maikrofaradi 1,000 penye umeme unapoingilia ukandani.

Kati ya tarakilishi na Arduino tulitumia itifaki iitwayo Adalight, iliyoasisiwa na Adafruit, kampuni ya Limor Fried. Kila ujumbe huanza kwa baiti sita. Tatu za mwanzo ni herufi A, d na a. Mswahili hawezi kuzisoma asitabasamu: bila ada, mlango haufunguliwi. Baiti mbili zinazofuata hutaja idadi ya taa ukiondoa moja, na ya sita ni ya uhakiki. Kwa taa 30 baiti hizo ni 65, 100, 97, 0, 29 na 72. Baada yake huja rangi zenyewe, baiti tatu kwa kila taa, yaani 90. Jumla ni baiti 96. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, ambayo ni takribani baiti 11,520, ujumbe mmoja huchukua kama milisekunde 8. Ukanda wa taa 300 ungechukua milisekunde 79 na picha zingeonekana zikikatika-katika. Nayataja haya kwa sababu wengi hulaumu taa, kumbe msongamano uko kwenye waya wa USB.

Katika OpenRGB huandikwa mlango wa USB uliotumika, kasi, idadi ya taa na jina la itifaki, na ukanda huonekana orodhani kama kifaa kingine chochote. Asiyetaka waya anaweza kutumia chipu ya ESP32 na programu huria ya WLED, iliyoanzishwa na Christian Schwinne, ambayo hupokea amri kwa Wi-Fi. OpenRGB huweza kuifikia kwa itifaki ya E1.31, itumiwayo pia katika taa za majukwaa ya maigizo. Tahadhari ni kwamba ESP32 hunena kwa volti 3.3 na ukanda wa volti 5 unataka kusikia angalau 3.5, baadhi ya kanda huvumilia, nyingine hukataa, na dawa yake ni chipu ndogo ya kupandishia volti.

Siku ya kwanza tulipoagiza nyekundu, ukanda mzima ukawaka kijani. Tulichunguza nyaya kwa saa nzima. Kosa lilikuwa la sintaksia: WS2812B hutarajia kijani kwanza, kisha nyekundu, kisha buluu, nasi tulikuwa tunatuma nyekundu kwanza. Badiliko la neno moja katika msimbo lilitosha.

Taa zilizopewa maneno

Hapo ndipo tulipoweza kurudi kwenye swali la mwenzetu. Tuliandika programu fupi inayotazama hali ya mashine na kuiamrisha OpenRGB ipasavyo. Tuliketi tukatunga kile tulichokiita msamiati: buluu kwa barua pepe, manjano kwa printa iliyokwama, nyekundu kwa betri ya akiba, kijani kwa kurasa zilizokwisha kupangwa. Mlangoni tulitia kibonye chenye nyaya mbili hadi kwenye Arduino, na kwa kuwa msimbo wa Adalight ni wazi, tuliongeza mistari michache ili kibonye kikibonyezwa ukanda uwake zambarau kwa sekunde tano, hata kama tarakilishi imezimia kazini. Mradi mchomeko wa USB una umeme, mlango unasikika.

Mwenzetu aliitumia kwa siku nne, kisha akatuomba msimbo. Tulidhani umeharibika. Aliufungua, akafuta karibu msamiati wetu wote na kuandika wake. Akatueleza kwamba anaposoma prufu macho yake yako kwenye maandishi, na pembeni mwa jicho rangi hazitofautiki vizuri: buluu na zambarau kwake huko ni kitu kimoja. Kinachoonekana pembeni ni mwendo. Alikuwa ametusikiliza tukijadili rangi juma zima kupitia mkalimani, akatuacha tumalize.

Katika msamiati wake, barua pepe ni nukta moja inayotembea polepole kutoka kushoto. Printa ni nukta mbili zinazogongana katikati. Mlango ni ukanda mzima unaopigapiga mara tatu, kama mtu anavyompungia kiziwi mkono ili ageuke. Nyekundu ameibakiza kwa betri pekee, tena ikiwa imetulia tuli, kwa maelezo kwamba umeme ukipotea anataka kuhifadhi kazi yake bila ya kubabaishwa. Nakala ya msimbo huo iko afisini kwa yeyote atakaye kuunakili. Maelezo yaliyomo ndani yake ni ya Kiswahili, isipokuwa neno moja ambalo hatujakubaliana, nalo ni jina la ule mwendo wa nukta mbili. Yeye ana ishara yake. Sisi bado tunatafuta kitenzi.